Tumbo la Christella

Tumbo la Christella lilikuwa mali ya avenue nzima, mtaa wote, mpaka siku daktari alipolipiga marufuku. Kabla ya hapo kila mgeni aliyeingia uani kwao, pale Mudzipela mjini Bunia, alimwita mtoto, akampandisha kiblauzi, akapapasa upande wa kushoto palipovimba na kutoa hukumu yake. Mama mmoja wa shirika, jumuiya yao ya sala, alisema ni minyoo. Muuza sabuni alisema ni bandama. Jirani mwenye kibanda cha simu, ambaye hakuwahi kuzaa wala kulea, alisema mtoto anakula sombe, majani ya muhogo, kupita kiasi. Christella mwenyewe, mwenye miaka minne na haraka zake, alikuwa amezoea. Akiona mgeni tu alijifunua bila kuambiwa ili mambo yaishe arudi kucheza.

Aliyelijua tumbo lile kuliko wote ni Koko Bénédicte, mama mzazi wa baba yake. Kukanda ndiyo kazi aliyokuja nayo kutoka Mahagi, na nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wamepita kwenye mkeka wake: wenye gesi, wenye bandama, wenye kulia jioni bila sababu. Hakuwa mganga, na ole wako umwite hivyo. Hakuuza mizizi, hakumchanja mtu chale, hakusema na mizimu. Alikuwa na vidole gumba viwili, mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kwenye kifuniko cha sufuria, na ishara ya msalaba mwanzo na mwisho.

Sasa alikuwa ameketi kwenye benchi ya veranda ya hospitali, mjukuu mapajani, akimsikiliza daktari mdogo kuliko mwanawe. Ekografi, picha ya tumbo, ilikuwa imekwisha fanywa asubuhi hiyo, baada ya mkojo wa mtoto kutoka mwekundu.

"Hii haiko bandama," Dokta Hippolyte alisema. "Ni uvimbe, iko ndani ya figo ya kushoto. Ni kansa ya batoto. Inatibiwa, musikate tamaa. Lakini kuanzia leo, hakuna mutu kugusa hii tumbo. Hakuna kuminya, hakuna kukanda. Hata kumubeba mugongoni na kitenge, apana."

Carine, mama wa mtoto, mjamzito wa miezi mitano, alianza kufungua fundo la kitenge chake palepale, kana kwamba mtoto bado yuko mgongoni. Sylvestre, mume wake, alikuwa amesimama na helmeti ya moto, pikipiki yake ya kazi, kwapani.

"Kuko mutu alimukanda?" daktari aliuliza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Saa moja nyuma, kwenye veranda ileile, muuguzi mmoja aitwaye Vital alikuwa amemwaibisha mama mwenye mtoto aliyechanjwa chale. Alimgeuza mtoto mbele ya foleni nzima, akaonyesha watu mikato kifuani, akauliza kwa sauti kama huyo mama alifika na mtoto au na ngoma ya kuwamba. Watu walicheka. Yule mama naye alicheka, kwa vile hakujua afanye nini na uso wake. Sylvestre aliyaona yote hayo.

"Apana, Dokta," akasema. "Siye tuko batu ba kanisa. Hatuendake kwa baganga."

Carine akatazama sakafu. Koko Bénédicte akaangalia kidole gumba chake cha kulia, kisha akakificha ndani ya kitenge.

Maana alikumbuka Jumapili. Walikuwa wametoka misa, Carine anafua nyuma ya nyumba, Sylvestre yuko njia ya Tchomia kuchukua samaki. Mtoto alilala kwenye mkeka akiimba wimbo wake wa chekechea, mafuta yakiwa na joto zuri. Koko alibonyeza chini ya mbavu kama alivyobonyeza wiki zote, ila siku hiyo aliongeza nguvu kidogo, kwa kuwa bandama ile ilikuwa kaidi naye hakupenda kushindwa. Kitu kililegea chini ya kidole. Mtoto alipiga kelele ambayo Koko hakuwahi kuisikia katika miaka yake yote ya kukanda, akatapika, akalala papo hapo. Kesho yake mkojo ulikuwa mwekundu. Koko hakumwambia mtu.

*

Nyumba ya watu waliozoea kushikana ikikatazwa kushika, inakuwa nyumba ya ajabu. Sylvestre alimbeba binti yake juu ya mikono miwili iliyonyooshwa, namna mtu anavyobeba sinia la ugali kwenye harusi, akaingia naye mlangoni ubavu ubavu. Carine alimwogesha kwa kumwagia maji tu. Wanawake wa shirika walikuja kusali, na kama kawaida yao walinyoosha mikono wamwekee mgonjwa palipo na ugonjwa. Carine alisimama katikati akasema, "Musali na mikono juu. Mungu iko juu." Waliondoka wamenuna.

Koko alinyang'anywa mkeka. Hakuna aliyesema neno, ila siku moja aliutafuta akaukuta umekunjwa juu ya dari, mahali ambapo mtu wa kimo chake hafiki. Mtoto alipoenda kwake jioni, kama desturi, akajilaza chali na kusema, "Koko, nikande," Carine alifika mbio kutoka jikoni.

"Usimuguse mutoto wangu tena."

"Sijamugusa."

"Usimuguse."

"Mama Christella, nani alimuletaka kwangu? Kila jioni, nani?"

Carine alijua. Ni yeye. Yeye ndiye aliyemleta, tena akikaa pembeni kuchambua maharagwe na kusema, Mama, bonyeza na huku chini. Basi alimchukua mtoto kwa mikono miwili iliyonyooshwa akaenda zake, na maharagwe yakaungua.

Jumamosi Koko alikwenda parokiani kuungama. Ilimjia kwa urahisi. Mambo makubwa ya maisha yake yote aliyapeleka pale na akarudi mwepesi. Alimwambia padri kuwa aliumiza mtoto bila kutaka. Padri, ambaye nyuma yake kulikuwa na mstari mrefu, alimwambia Mungu anaujua moyo wake, akampa rozari moja. Aliisali njiani, akamaliza kabla ya kufika nyumbani. Alipoingia uani akamkuta mtoto ameketi kwenye kiti cha plastiki, tumbo limemtangulia, hakuhisi wepesi wowote. Alichanganyikiwa kweli. Kama amesamehewa, mbona kile kidole bado kinasikia kile kitu kikilegea?

*

Skaneri, mashine ya picha za ndani aliyoitaka daktari, ilikuwa kwenye kliniki moja ya binafsi, na ili kuifikia Sylvestre aliuza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kumalizia nyumba. Mtu wa mapokezi alizihesabu zile dola akiziangalia moja moja dhidi ya mwanga, akarudisha moja yenye kikona kilichochanika. Sylvestre alilazimika kwenda kwa wabadilisha pesa barabarani na kuibadilisha kwa hasara. Mtoto alikuwa hajala tangu asubuhi naye akilia njaa kwa sauti ya chini, kama mtu mzima.

"Mama ya mutoto iko na mimba, asiingie," fundi wa mashine alisema. Alikuwa kijana mpole aitwaye Destin. "Miale haiko muzuri kwa tumbo. Mutoto anazoea nani mwingine?"

Sylvestre akasogea. Christella akamtazama, akamtazama na fundi, akasema, "Koko."

Carine alivuta pumzi ya kukataa. Lakini mtoto alikuwa amekwisha mshika bibi yake mkono, na foleni ilikuwa inangoja. Koko akavishwa aproni ya kukinga miale, nzito kuliko gunia la muhogo, akaingia akiyumba.

Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Mashine ilikuwa duara kubwa jeupe lenye tundu katikati, na kitanda chembamba cha kuingia ndani ya tundu. Destin alimpiga mtoto sindano mkononi, akaeleza kuwa ni dawa ya kufanya picha iwake, kisha akamwonyesha Koko jinsi ya kushika mikono ya mtoto juu ya kichwa. "Hapa tu. Ushike mikono. Tumbo uache."

"Ninajua," Koko alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

Christella alilitazama lile duara. "Koko, hii mashine itanikanda?"

"Apana. Hii inaangalia tu."

"Haina mafuta?"

"Haina."

"Basi inaangalia nini?"

Koko aliishika mikono ya mtoto juu ya kichwa. Alisikia hofu iliyo wazi kabisa, hofu ya mtu anayefikiria kwamba ndani ya picha, kati ya mifupa na utumbo, kitaonekana kidole gumba chake. Mashine ilinguruma, ikamwambia mtoto kwa Kifaransa avute pumzi, ikamwambia asipumue. Christella, ambaye hakujua Kifaransa zaidi ya bonjour, alijaza mashavu kwa sababu aliona bibi yake amejaza yake.

*

"Sasa muangalie hapa," Dokta Hippolyte alisema siku picha ziliporudi. Waliketi watatu mbele ya kompyuta yake, na mtoto akiwa nje na wali wake kwenye kibakuli. "Hii mashine inakata mutu vipande vipande bila kisu. Hiki ni kipande kimoja. Tunaangalia toka chini, kama vile tumesimama kwa miguu yake."

Waliangalia. Palikuwa na kijivu, na kijivu kingine, na weupe. Sylvestre aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Daktari aliviringisha gurudumu la kipanya na vipande vikaanza kupita, vikifunguka na kufungika.

"Hii ni figo nzuri, ya kuume. Munaona umbo ya haragwe? Na hii yote," akazungusha kidole, "ni uvimbe. Imesukuma utumbo huku. Bon. Mapafu iko safi, hiyo ni habari njema. Ini iko safi. Sasa shida ni hii." Akasimamisha picha. "Kuko maji kidogo chini kabisa, hapa. Na ingine kidogo hapa pembeni."

"Maji ni mubaya?" Carine aliuliza.

"Inategemea. Mutoto anaweza kuwa na maji kidogo bila shida yoyote. Ao uvimbe ilipasuka na maji ilitoka ndani yake. Hii uvimbe inakuwaka na ngozi yake. Kama ngozi iko nzima, tunaanza na dawa ya kuipunguza, kisha tunatoa figo pamoja na uvimbe, na munarudi nyumbani, munakuja tu kwa kuangaliwa. Lakini kama ilipasuka, mbegu ya ugonjwa imemwagika ndani ya tumbo. Hapo dawa inakuwa kali zaidi, na kisha ya operesheni, lazima miale ya kuua ugonjwa kwa tumbo muzima. Hiyo miale siye hapa hatuna. Itakuwa Kampala, na muda murefu."

"Na picha inasema nini? Ilipasuka ao haikupasuka?" Sylvestre aliuliza.

"Bale ba kwa skaneri baliandika ilipasuka, pengine. Nilituma picha Kinshasa kwa mutu anazijua zaidi. Yeye aliandika haone mahali ya kupasuka, lakini hawezi kukataa kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, picha iko na mashaka."

Sylvestre alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Dokta, ile mashine imekula mabati ya nyumba yangu. Sasa inasema haijue?"

"Inaona maji. Haioni maji ilitoka wapi." Daktari aliondoa mkono kwenye kipanya akawageukia. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtesa Koko. "Mahali picha haiwezi, ninahitaji midomo yenu. Niliuliza siku ya kwanza, nauliza tena. Kuko siku mutoto alianguka? Aligongwa? Mutu alimuminya, akalia sana gafula? Kama iko, museme. Hapa hatufunge mutu."

Nje kijiko cha Christella kiligonga kibakuli. Koko alitaka kusema. Alimtazama mwanawe ili apate ruhusa, na Sylvestre, bila kumtazama, akasema, "Hakuna kitu, Dokta."

*

Walibishana nyumbani mchana huo, kwa kunong'ona, kwa vile ua wa Mudzipela una masikio kila upande.

"Kampala ni moto," Sylvestre alisema. "Hatuna kingine. Tukiuza moto, samaki itatoka Tchomia na miguu? Na huyu mwingine kwa tumbo atakula nini?"

"Na kama ilipasuka?" Carine aliuliza.

"Kinshasa inasema haioni."

"Inasema haikatae."

"Carine, weye ulisomea wapi hizi mambo?" Akamgeukia mama yake, na sauti ikabadilika. "Mama, sitaki batu bakuseme vibaya kule. Yule Vital, uliona vile alifanya. Sitaki mama yangu asimamishwe mbele ya foleni kama mwizi."

Ilikuwa kweli, na Koko alijua ni kweli, mwanawe alimpenda. Ilikuwa kweli vilevile kwamba alipokuwa akisema hayo jicho lake lilikuwa kwenye moto iliyoegeshwa chini ya upenu, rozari ya plastiki ikining'inia kwenye usukani. Sylvestre mwenyewe, ungemkalisha chini ukamuuliza anamlinda nani, asingeweza kukuambia.

Carine alimkaribia mama mkwe wake. "Ile dimanche, kisha misa, nilikuwa nafua. Nilimusikia."

"Batoto banaliaka."

"Si vile. Ile haikuwa kulia ya batoto. Nilisikia, nikaendelea kufua." Akasogea karibu zaidi. "Nilisema, iko na Koko yake. Mama, kama kuko kitu, siwezi kukisema mimi. Ni mimi nilikuambia ubonyeze chini. Sina mudomo ya kusema."

Koko alikwenda kuketi kwenye kiti cha plastiki cha mtoto, ambacho kilimbana, akakaa pale akiwaza kwa shida. Akisema, amempasua mjukuu wake kwa kidole, na moto imekwenda, na jina lake la kukanda limekwisha. Asiposema, labda hakuna kitu. Labda yale maji ni maji tu. Lakini labda mbegu zile zimo, zinatafuta mahali pa kukaa, na mtoto anapewa dawa ndogo kwa ugonjwa mkubwa kwa sababu bibi yake aliona haya. Aliliwaza jambo lile upande huu na upande ule, na kila mara lilimrudia na sura nyingine. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Kati ya watu wote na mashine zote za Bunia na Kinshasa, ni yeye peke yake aliyekuwepo.

*

Asubuhi alivaa kitenge cha misa akaenda kwa miguu. Vital alikuwa mlangoni na foleni yake.

"Koko, dokta iko na batu mingi. Sema hapa shida ni nini."

"Nitamuambia yeye."

"Kila mutu anasema vile. Sema hapa, ao ungojee nyuma."

Koko aliangalia nyuma. Mstari ulifika mpaka kwenye bomba la maji, na ndani yake aliwatambua wanawake watatu ambao watoto wao walipita kwenye mkeka wake. Mmoja alimpungia mkono kwa heshima. Kama angengoja mpaka mwisho wa mstari ule, alijijua, angerudi nyumbani.

"Nimekuja kusema ni mimi nilimukanda mutoto," alisema. "Mutoto ya Sylvestre, mwenye figo. Tulisema hapana. Haikuwa kweli."

Yule aliyepunga mkono alimvuta mwanawe kifuani akamfunika kwa kanga, polepole, kama anayeogopa kuonekana. Vital alipata alichokuwa akikipenda: alipandisha sauti, akaanza na ujinga wa watu, akaingia kwenye wazee wasiosikia, akafika kwa serikali. Koko alisimama wima mpaka mwisho wa hotuba, mikono ndani ya kitenge, uso unawaka. Kisha mlango ukafunguka, daktari akamwambia Vital inatosha, akamwingiza ndani.

Alimweleza yote. Wimbo wa chekechea, mafuta, bandama kaidi, kelele, matapishi. Daktari aliandika, halafu akaweka kalamu, akakunja shati na kunyoosha mkono wake juu ya meza.

"Nionyeshe nguvu ulitumia."

"Dokta, apana."

"Nionyeshe, Koko. Lazima nijue."

Akaweka kidole gumba kwenye mkono wa daktari akabonyeza. Dokta Hippolyte alikunja uso. "Hii njo nguvu?"

"Hii ni ya mwanzo."

Daktari akautoa mkono taratibu, akaupapasa. "Na chini ya kidole, ulisikia nini?"

"Kitu kililegea. Kama ukiminya ndizi ya kuiva ndani ya ganda yake."

Aliandika kwa muda. "Aksanti," akasema. "Tutamutibu kama vile ilipasuka. Nitaandikia batu ba Kampala leo."

Koko hakuinuka. Alikuwa amejiandaa kwa jambo moja tu, naye hajapewa. "Kwa hiyo ni mimi."

"Sijui, Koko."

"Niambie tu. Mimi ni mutu muzima."

"Sijui kweli. Uvimbe zingine zinapasuka zenyewe, mutoto akiruka tu, akianguka kidogo. Pengine ilipasuka kabla ya ile dimanche. Pengine mpaka leo haijapasuka."

"Na mukimupasua, mutaona?"

"Pengine. Pengine hatutaona."

Alitoka akiwa hajafungwa wala hajafunguliwa. Angeweza kuvumilia ndiyo. Hapana angeishukuru mpaka kaburini. Lakini pengine hii atatembea nayo kila siku, atalala nayo, ataamka nayo, na hakuna padri wala skaneri ya kuimaliza. Akapita katikati ya foleni, na watu wakampisha.

*

Sylvestre hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alisikiliza, akaenda kukaa chini ya upenu, na kesho yake moto ilichukuliwa na mtu aitwaye Rachidi, aliyekuwa akiitamani toka zamani na sasa akaipata kwa bei ya huruma isiyo na huruma. Kabla ya kuitoa, Sylvestre aliivua ile rozari kwenye usukani, akakosa pa kuiweka, akaitia mfukoni. Siku zile alisema na mama yake maneno ya lazima tu: maji yako wapi, funguo ziko wapi.

Christella alianza dawa hospitalini, zile za kwanza, huku wakingoja karatasi za Kampala. Alilala kitanda cha dirishani, mrija mkononi, akitapika hata maji. Carine na Koko walipokezana bila kuongea, mmoja akiingia mwingine anatoka, kama walinzi.

Alasiri moja mvua ilipiga bati la wodi mpaka watu wakaacha kusikilizana. Carine alikuwa amekwenda kuosha beseni. Koko aliketi kando ya kitanda, mikono chini ya mapaja yake, mahali alipoizoesha kukaa siku hizi.

"Koko," mtoto alisema. "Nikande."

"Tumbo haikandwe sasa."

"Kidogo tu."

"Dokta alikataa, mama yangu."

"Basi uweke mukono tu." Macho yalikuwa mekundu kwa kutapika, na hakuwa akidai, alikuwa akiomba, kitu ambacho hakuwahi kuhitaji kukifanya kwa bibi yake. "Silali bila mukono."

Koko aliangalia mlangoni. Akatoa mkono wa kulia chini ya paja. Akaupeleka polepole juu ya shuka, juu ya kile kilima upande wa kushoto, akausimamisha hewani, nafasi ya kidole kimoja kutoka kwenye nguo, akaukaza pale.

Christella alifumba macho. "Uko juu?"

"Uko."

"Sisikii."

"Uko pale. Lala."

Mtoto alitulia. Pumzi yake ilipanda na tumbo likapanda, na kila lilipopanda Koko aliinua mkono kidogo, na liliposhuka aliushusha kidogo, asiguse, asiondoke. Mkono wa mtu mzee haukuumbwa kukaa hewani. Bega lilianza kuchoma, kisha kiwiko, kisha vidole vikaanza kutetemeka, naye hakuthubutu kuuondoa maana mtoto alikuwa bado anafungua jicho moja kuhakikisha.

Carine aliingia na beseni. Kutoka mlangoni aliona mkono wa mama mkwe wake juu ya tumbo la mwanawe, akaliweka beseni chini kwa kishindo na kuja mbio, mdomo umekwisha kufunguka. Alipofika kitandani akaona ule uwazi kati ya kiganja na shuka. Akaona jinsi mkono ulivyotetemeka.

Akafunga mdomo. Akavuta kiti, akaketi upande uleule, akapitisha mkono wake chini ya kiwiko cha Koko, akakishikilia.